Dubwana na Waliokanyagwa: Kutoka Tokyo hadi Mwambao wa Tanganyika

Kagunga ni kijiji cha mwisho cha Tanzania kabla ya maji na milima kuwa ya Burundi. Mbele yake liko ziwa ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Nyuma yake kuna mlima mkali unaowaacha watu na ukanda mwembamba wa mchanga. Mahali kama hapo hapana haja ya kumshawishi mtu kwamba chini ya maji kunaweza kuwa na kitu kikubwa.

Historia ya filamu za madubwana za Japani kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ilipita Tokyo na Hollywood tu. Lakini ukiitazama kutoka mwambao huu utaona imetugusa mara kadhaa: kwa urani iliyochimbwa Katanga, kwa wanasayansi wa Kijapani waliofuata sokwe kusini mwa Kigoma, na kwa mamba wa ziwa letu aliyegeuzwa nyota wa sinema bila watu wa ziwa kuulizwa. Nimezipenda filamu hizi tangu utotoni, na nimezikasirikia pia. Mapenzi na hasira vina chanzo kimoja. Filamu ya dubwana husimama pale inapowajua watu wanaokanyagwa. Inapowasahau hubaki mpira, moshi na kelele.

Nunda, kabla ya sinema

Waswahili walikuwa na dubwana lao muda mrefu kabla ya kamera kufika. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, paka wa sultani anakula ndama, kisha mbuzi, na kila raia wanapokwenda kulalamika sultani anawafukuza, kwa kuwa paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Paka anakua. Anahamia watu. Anaingia mwituni na kuitwa Nunda, mla watu, na hatimaye anawala hata wana wa sultani mwenyewe. Mtoto mdogo, aliyedharauliwa na baba yake, ndiye anayekwenda kumtafuta, akiua mnyama mmoja baada ya mwingine na kila mara mama yake akimwambia kwamba huyo siye.

Tazama ngano hiyo ilivyojengwa. Dubwana halikudondoka kutoka mbinguni. Lilifugwa ikulu, likalindwa na kiburi cha mwenye mamlaka, na gharama ikalipwa na waliokuwa wakileta malalamiko. Yeyote aliyelelewa na hadithi hiyo ana ufunguo wa kuielewa sinema iliyotengenezwa Tokyo miaka 84 baadaye.

1935–1937: Mbu mkubwa kuliko mtu

Kiumbe cha kwanza cha kutisha ambacho wakoloni walikihusisha na watazamaji wa Kiafrika hakikuwa na magamba. Kati ya 1935 na 1937 mradi uliojulikana kwa kifupi cha BEKE uliweka makao Vugiri, karibu na Korogwe, chini ya Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Ulitengeneza filamu za mafunzo juu ya kilimo, afya na akiba ya posta, na lori lake likazunguka Afrika Mashariki na Kati likionyesha picha usiku.

Katika miaka hiyo na iliyofuata, maofisa wa filamu wa Kiingereza walipenda kusimulia kisa kimoja: wanakijiji walionyeshwa mbu aliyejaza kitambaa kizima, nao wakasema malaria ni shida ya huko kwenye mbu wakubwa kiasi hicho, kwao mbu ni wadogo. Kisa kilihamishwa kutoka nchi hadi nchi, na mara nyingine mbu akawa inzi. Kilitumika kuthibitisha kwamba Mwafrika haelewi hila za kamera, hivyo apewe picha za polepole, zisizokatwakatwa, na zilizochujwa na mkaguzi. Mimi nakisoma kama ngano ya watawala kuhusu watawaliwa. Watu waliokuwa na Nunda katika hadithi zao walijua vizuri kabisa kitu kikubwa kinasimama badala ya nini.

1945–1954: Urani ya Katanga, majivu ya Bikini

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga katika Kongo ya Wabelgiji. Ni jimbo ambalo upande wake wa kaskazini-mashariki uligusa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kigoma. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942. Wachimbaji wa Kikongo waliyabeba bila kuambiwa ni ya nini. Wao hawamo katika filamu yoyote ya dubwana ninayoifahamu, ingawa mnyororo wa historia hii unaanzia mikononi mwao.

Agosti 1945 ikapita. Miezi michache kabla, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi, ndege za Marekani zilikuwa zimeichoma Tokyo na kuua watu wapatao 100,000. Mwaka 1946 askari mmoja aliyekuwa China, Ishirō Honda, alirudi nyumbani na kupitia Hiroshima. Kabla ya vita alikuwa mfanyakazi wa studio ya filamu, na alichokiona pale hakikumtoka.

Kilichokamilisha mambo kilikuwa mkasa wa wavuvi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, lenye nguvu ya megatani 15, kiasi cha mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Chombo cha Kijapani cha kuvua jodari, Daigo Fukuryū Maru, kilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Majivu meupe yaliwaangukia wavuvi 23 kama chenga za chokaa. Waliporudi bandarini walikuwa wagonjwa, samaki wao walikuwa na mionzi, na hofu ikaenea sokoni hadi watu wakaogopa kula samaki kabisa. Aikichi Kuboyama, mwendesha redio wa chombo hicho, alifariki tarehe 23 Septemba.

Kwa mvuvi wa Kagunga au wa Mwamgongo, kijiji kingine cha mwambao huu, hapahitajiki maelezo marefu. Umetoka na taa zako usiku, umevua, umerudi, na mzigo ulioubeba umekuwa sumu kwa amri ya mtu aliye mbali ambaye hakujua hata jina lako.

Mwaka huohuo mtayarishaji Tomoyuki Tanaka wa studio ya Toho alipoteza mradi mkubwa wa filamu uliokuwa ufanyike Indonesia na akahitaji kitu cha kuziba pengo haraka. Sinema za Japani zilikuwa zimetoka kuonyesha tena King Kong ya 1933, na Marekani ilikuwa imetoa filamu ya mnyama wa kale aliyeamshwa na bomu. Tanaka aliunganisha hayo na habari za wavuvi. Tarehe 3 Novemba 1954 Gojira ilitoka, Honda akiwa mwongozaji.

Mtu ndani ya vazi

Studio haikuwa na muda wa kusogeza sanamu picha kwa picha kama ilivyofanyika kwa King Kong. Eiji Tsuburaya, bingwa wa hila za kamera, aliamua kumvika mtu. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, la mpira mgumu, na ndani yake Haruo Nakajima aliweza kutembea dakika chache tu kabla joto halijamshinda. Nakajima alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno kutazama jinsi tembo na dubu wanavyokanyaga. Tokyo ilijengwa upya kwa majumba ya mfano, kamera zikakimbizwa kwa kasi ili picha ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida kila hatua ionekane nzito. Mngurumo ulitoka kwa mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, kwa kusugua nyuzi za fidla kubwa ya besi na glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu.

Mvuto wa kwanza uko hapo, katika kazi ya mkono. Ukuta unapovunjika, ni ukuta uliojengwa na fundi, na vumbi ni vumbi. Jicho linaona kwamba kitu kimeanguka kweli, hata kama kimo chake ni cha goti la mtu. Dubwana la kompyuta linaweza kuwa na kila gamba mahali pake na bado likose uzito huo. Ni kweli pia kwamba zipu huonekana wakati mwingine, kwamba vifaru vinafanana na vya kuchezea, na kwamba moto mdogo hauwezi kudanganya, kwa sababu ndimi za moto hazipungui ukubwa kwa kuamriwa. Mapungufu hayo nayasamehe bila shida.

Filamu inaanza na mabaharia wanaopumzika kwenye sitaha na bahari inayong'aa ghafla. Dubwana lenyewe halionyeshi kichwa mpaka dakika ishirini na kitu zimepita. Kabla ya hapo tumekaa na wanakijiji wa kisiwa cha Odo, tumeona nyavu zikirudi tupu, tumewasikia wazee wakikumbuka jina la mnyama wa baharini ambaye zamani alitolewa kafara. Tokyo inapoungua, mama mmoja amewakumbatia wanawe chini ya ukuta akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa na baba yao. Asubuhi kamera inaingia hospitali na kukaa humo. Daktari anapitisha kipimo cha mionzi mbele ya mtoto, na kipimo kinalia. Mwisho, mwanasayansi Serizawa anaua dubwana kwa silaha aliyoibuni mwenyewe na kukata mpira wake wa hewa chini ya bahari ili siri ya silaha hiyo ife pamoja naye.

Watazamaji wa Japani waliokata tiketi walifikia milioni 9.6. Baadhi yao walikuwa wameikimbia Tokyo ileile ikiwaka moto miaka tisa tu kabla.

1956–1967: Sokwe wa Toho na sokwe wa Kabogo

Kosa la kwanza lilifanyika ng'ambo. Mwaka 1956 wasambazaji wa Marekani waliikata filamu hiyo, wakaondoa sehemu kubwa ya mazungumzo juu ya majaribio ya mabomu, na kumweka Raymond Burr kama mwandishi wa habari wa Kimarekani anayetazama Tokyo ikiteketea na kumsimulia mtazamaji. Onyo la mwisho la Profesa Yamane, mwanasayansi mwingine wa filamu hiyo, kwamba majaribio yakiendelea huenda dubwana jingine likatokea, lilitolewa. Hiyo ndiyo Godzilla iliyozunguka sehemu kubwa ya dunia: mkasa wa Wajapani ukiwa na mgeni mbele yake, na aliyelipua bomu akiwa ametoka kwenye hadithi.

Toho yenyewe ikaona faida. Rodan ya 1956 ilileta rangi. Mothra ya 1961 ilileta nondo mkubwa anayewalinda watu wa kisiwa kilichoharibiwa na majaribio ya nyuklia. King Kong dhidi ya Godzilla ya 1962 iliuza tiketi zaidi ya milioni 11 na kugeuza dubwana kuwa mwanamieleka.

Hapa hasira yangu inaanza. Watu wa visiwani katika Mothra na katika filamu hiyo ya 1962 waliigizwa na Wajapani waliopakwa rangi ya kahawia, wakicheza ngoma za kubuni mbele ya dubwana wao. Wakati huo watu halisi wa Rongelap, katika visiwa vya Marshall, walikuwa wameangukiwa na majivu yaleyale yaliyomuua Kuboyama na kuhamishwa kutoka kwao. Honda, aliyewatazama wavuvi wa Odo kwa heshima kubwa mwaka 1954, hakuwapa watu wa Pasifiki heshima hiyohiyo. Mwafrika anayezitazama filamu hizo anazijua ngoma zile, kwa sababu zilikuwemo pia katika King Kong ya kwanza.

Na miaka hiyohiyo kulikuwa na Wajapani kwenye mwambao wetu wakifanya kinyume kabisa. Mwaka 1961 msafara wa Chuo Kikuu cha Kyoto, chini ya Kinji Imanishi akiwa na Junichiro Itani, ulipiga kambi Kabogo, kusini mwa Kigoma, kuwatafuta sokwe. Mwaka mmoja kabla, Jane Goodall alikuwa ameshuka Gombe, jirani ya kusini ya Kagunga. Mwaka 1965 Toshisada Nishida alianza kazi Kasoge, katika milima ya Mahale, akiwavuta sokwe karibu kwa miwa. Kazi hiyo ilizaa hifadhi ya taifa ya Mahale mwaka 1985, na utafiti umeendelea tangu hapo. Wasaidizi wa Kitongwe waliojua msitu ndio waliowaongoza.

Nishida alijifunza uso wa sokwe mmoja mmoja, nani mama wa nani, nani rafiki wa nani, na aligundua kwamba wanaishi katika makundi yenye mipaka. Studio ya Toho nayo mwaka 1967 ilimrudisha King Kong, safari hii akipigana na sokwe wa chuma. Sidai kwamba sinema iwe sayansi. Nasema tu kwamba nchi moja, katika mwongo mmoja, ilimtazama sokwe kwa njia mbili, na njia iliyokuwa na subira ndiyo imebaki na vitu vya kutushangaza hadi leo.

1968–1975: Watazamaji wanapungua

Televisheni iliingia majumbani Japani na watu wazima wakaacha kwenda sinema. Tsuburaya alikuwa amekwisha kuhamia huko na kipindi cha Ultraman mwaka 1966, naye akafa Januari 1970. Toho nayo ilikuwa tayari inawaelekea watoto. Godzilla akacheza ngoma ya kuruka angani, akapata mwana, akawa mlinzi wa dunia. Bajeti zilipokatwa, vipande vya filamu za nyuma vilirudiwa ndani ya mpya. Ile ya 1969 imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mabaki hayo.

Moja ilijitoa katika mteremko huo. Mwaka 1971 Yoshimitsu Banno alitengeneza Godzilla dhidi ya Hedorah, dubwana la tope lililozaliwa na uchafu wa viwanda, wakati ambapo wakazi wa Yokkaichi walikuwa wakiugua pumu kwa moshi wa viwanda vya mafuta. Ni filamu yenye vurugu, yenye katuni katikati, lakini inawaonyesha watu wakianguka barabarani kwa kukosa pumzi. Tanaka hakuipenda. Mwaka 1975 ilitoka filamu ya mwisho ya mfululizo wa kale, na tiketi zilizouzwa hazikufika milioni moja. Dubwana likapumzishwa kwa miaka tisa.

Miaka ya 1980 na 1990: Kibandani

Miji ya pwani yetu ilikuwa na majumba makubwa ya sinema tangu zamani. Unguja na Dar es Salaam watu walivaa vizuri kwenda kutazama filamu za Kihindi. Watu wa mialo walipata sinema yao baadaye, kwa deki, kanda na jenereta. Kibanda cha mabati au makuti, mabenchi, pazia jeusi mlangoni, kiingilio kidogo.

Katika vibanda hivyo kulizaliwa sanaa ambayo wahakiki wa filamu za Kijapani wangeifaidi. Marekani, watazamaji walizicheka filamu za Toho kwa sababu midomo ya waigizaji ilisema kitu kimoja na sauti ya Kiingereza ikasema kingine. Kwetu sauti iliyopandikizwa juu ya picha haikuwa aibu. Ilikuwa kazi ya msanii. Mtafsiri alikaa na kipaza sauti, akawapa waigizaji majina ya mtaani, akaeleza kisa, akakaripia, akahurumia. Lufufu alijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo, na kanda zenye sauti yake zilisafiri kuliko filamu zenyewe. Mtafsiri mzuri alikuwa akifanya lile ambalo Hollywood ilishindwa: kumpa jina yule mtu wa pembeni anayeliwa katika dakika ya kumi.

Filamu zilizotawala zilikuwa za Hong Kong, India na Marekani, na madubwana yalitufikia zaidi kwa mkono wa Hollywood. Anaconda ilitoka 1997. Mwaka 1998 Roland Emmerich alitoa Godzilla ya Kimarekani: mjusi aliyebadilishwa na majaribio ya nyuklia ya Ufaransa huko Polinesia. Bomu la Marekani, lililomzaa Godzilla wa kwanza, lilikuwa limefutwa hata kwenye asili yake.

1993–2007: Gustave

Ziwa letu lilikuwa limewahi kupelekwa sinema kabla. Riwaya ya C. S. Forester ya 1935, The African Queen, ilichota kutoka vita vya majini vya 1915 na 1916 Tanganyika, na meli ya Kijerumani ya hadithi hiyo ina mengi ya Graf von Götzen: meli iliyojengwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwa reli hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. John Huston aliitengeneza filamu mwaka 1951 akapiga picha Kongo na Uganda. Ziwa lilitoa kisa, halikutoa sura.

Safari ya pili ilimhusu mamba. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Burundi ikaingia katika vita vilivyoua watu wapatao 300,000. Maiti zilitupwa mitoni. Katika miaka hiyo Mfaransa aliyeishi Burundi, Patrice Faye, alianza kufuatilia habari za mamba mmoja mkubwa kupita kiasi kwenye delta ya Rusizi na mwambao wa kaskazini-mashariki wa ziwa, hadi Rumonge. Akampa jina Gustave. Alikadiriwa kuzidi mita sita, hakupimwa kamwe. Alitambuliwa kwa makovu ya risasi na jeraha kwenye bega la kulia. Idadi ya watu 300 anaodaiwa kuwaua ilirudiwa magazetini duniani kote ingawa haijawahi kuthibitishwa.

Mwaka 2002 Faye na wenzake waliweka mtego: ngome ya chuma yenye urefu wa mita tisa hivi, chambo ndani, kamera pembeni. Gustave hakuingia. Filamu ya habari iliyotokana na jaribio hilo ilionyeshwa mwaka 2004, na Januari 2007 Hollywood ikatoa Primeval.

Wenye filamu walificha kwamba inahusu mamba. Matangazo yalizungumzia muuaji wa mfululizo aliyeua kuliko wote katika historia, na watu waliingia wakitarajia mtu mwenye kisu. Ilipigwa Afrika Kusini. Timu ya televisheni ya Kimarekani inakwenda Burundi kumnasa mamba, na inatumwa baada ya mamba kumuua mwanamke mzungu mtaalamu wa maiti, ingawa alikwisha kuua Warundi wengi kabla yake. Nitaitendea haki: filamu inalijua hilo na inalisema. Inasema pia kwamba vita ndivyo vilivyomfundisha mamba kula watu, wazo ambalo Honda angelikubali, na ambalo msimulizi wa Nunda angelitambua mara moja. Halafu inalitupa. Vita vinakuwa mapambo ya kukimbizana, mbabe wa kivita anaitwa Gustave Mdogo, na Warundi wanabaki kuwa washambuliaji, miili, au kijana mwenye moyo mzuri wa kumsaidia mgeni.

Ukitaka kujua filamu hiyo imekosa nini, ilinganishe na kile chumba cha hospitali cha 1954. Hakuna mahali ambapo Primeval inakaa na aliyefiwa. Hakuna mwanamke anayefua ukingoni akitazama maji huku mkono ukiendelea na kazi, hakuna mvuvi anayejua kwamba mamba yupo na bado anatoka jioni kwa sababu watoto watakula nini. Mamba mwenyewe, aliyetengenezwa kwa kompyuta, anaruka na kukimbia nchi kavu kwa namna ambayo mtu yeyote wa Rusizi angeona ni uongo. Mamba wa kweli hungoja, na hofu yake iko katika kungoja huko.

Mei 2015: Kagunga

Miaka minane baadaye kila kitu ambacho Primeval ilikipita haraka kilishuka Kagunga. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Burundi ilitikisika. Watu walivuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi, na katikati ya Mei zaidi ya 50,000 walikuwa wamejaa kwenye ule ukanda mwembamba wa mchanga, katika kijiji kilichokuwa na maji na vyoo vya wakazi wachache. Kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walifikia maelfu na watu wapatao 30 walikufa, wengi wao wakimbizi, na wenyeji wakiwemo.

Barabara ya kuwatoa haikuwepo. Njia ilikuwa ziwa, na chombo kikubwa kilichokuwepo kilikuwa Liemba, meli iliyotimiza karne moja mwaka uleule. Iliwabeba mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kwa sababu hapakuwa na gati, watu walifikishwa kwenye meli kwa boti za wavuvi, wazee na watoto wakinyanyuliwa mmoja mmoja.

Meli iliyokuwa adui katika filamu ya Huston ikawa wokovu wa watu ambao filamu ya 2007 haikuwa na nafasi yao. Hakukuwa na dubwana lolote majini siku zile. Kulikuwa na uamuzi uliofanywa ikulu na watu waliobeba gharama yake ukingoni.

2016–2024: Boti la mbao

Japani ilirudi kwenye asili. Baada ya tetemeko, tsunami na maafa ya Fukushima ya Machi 2011, Hideaki Anno na Shinji Higuchi walitoa Shin Godzilla mwaka 2016, ambamo dubwana linabomoa mji wakati mawaziri wanahama kutoka mkutano hadi mkutano. Kisha tarehe 3 Novemba 2023, miaka 69 kamili baada ya ile ya kwanza, Takashi Yamazaki alitoa Godzilla Minus One. Ina picha 610 za hila, zilizotengenezwa na timu ya watu 35. Machi 2024 ilipata tuzo ya Oscar ya hila za kuona, ya kwanza kwa mfululizo huo.

Inatokea Tokyo ya 1945 hadi 1947. Rubani aliyekwepa kufa kwa amri anarudi kwenye kifusi, anajikuta akiishi na mwanamke asiye ndugu yake na mtoto yatima asiye wa yeyote kati yao. Anapata kazi ya kutegua mabomu ya baharini kwenye boti la mbao, kwa sababu chuma huyalipua mabomu hayo. Dubwana linapowafukuza, wako wanne kwenye boti hilo, injini inakohoa, na kichwa kinapasua maji nyuma yao. Tumekwisha kukaa nao mezani, tunajua nani anaringa na nani anadaiwa. Yeyote aliyewahi kuvuka kutoka Kigoma kwenda Kagunga upepo ukibadilika anaijua sauti ya injini ile.

Hata hiyo ina upofu wake. Inaomboleza Wajapani waliotupwa na serikali yao, na inaomboleza vizuri, lakini Wachina na Wakorea waliokanyagwa na jeshi lilelile hawaonekani hata kwa mbali. Ni pengo lilelile la watu wa Rongelap na la wachimbaji wa Shinkolobwe.

Ningependa kuona filamu ya mamba wa Tanganyika iliyopigwa Tanganyika, kwa Kiha, Kirundi na Kiswahili, ianze na wanawake wanaoanika dagaa na mabishano ya bei ya petroli, na mamba asionekane mpaka dakika ya ishirini. Bei ya kompyuta imeshuka, na watu 35 wamekwisha kuonyesha kinachowezekana. Vazi la mpira nalo bado linafaa, alimradi aliye ndani yake amekwenda kwanza Rusizi kutazama jinsi mamba anavyongoja.